Kimya cha Fundi Hamda

Tangu Jumapili Hamda binti Turki alikuwa mchumba wa Ubwa, mwanamume aliyempenda kwa miaka miwili, na bado furaha ilikuwa imemkwama kooni kama tonge la wali mkavu. Mbele ya watu alicheka. Mama yake, Bi Afra, alipomkumbatia, naye alimkumbatia. Shoga zake walipomtumia pongezi zilizojaa mioyo na maua kwenye simu, aliwajibu amin, amin. Lakini akibaki peke yake alikuwa akihesabu siku zilizosalia kabla ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo ndiyo angevua glavu zake za kazi na asizivae tena.

Na kosa, kama kosa lipo, aliliona ni lake. Alinyamaza.

Barua ya posa ililetwa na Ami Jaku, ami yake Ubwa, imefungwa ndani ya leso nyeupe kama ilivyo desturi. Mzee Turki, baba yake Hamda, fundi wa saa mwenye kiduka chake hapo hapo Mkunazini chini ya nyumba, aliisoma sebuleni kwa sauti, polepole, huku Hamda na mama yake wamekaa nyuma ya pazia. Ilikuwa barua nzuri yenye salamu ndefu na dua. Jina la Ubwa lilipotajwa, Hamda aliona uso unamwaka moto. Kisha ukaja mstari wa mwisho. Ukasema kwamba posa ikikubaliwa, kazi ya kuchomelea vyuma mwari ataiacha mwisho wa mwezi huu, kabla ya ndoa, kwa kuwa haielekei kwa mke wa mtu.

"Hamda," baba yake akamwita.

"Labeka, baba."

"Umesikia. Una neno?"

Maneno alikuwa nayo tele. Alitaka kuuliza kama kweli Ubwa ndiye aliyeyasema hayo, Ubwa huyu huyu aliyekuwa akimsifu kazi yake kila siku. Alitaka kulia. Hakusema wala hakulia, alibaki akiitazama mikono yake. Na kwa desturi ya kwetu, mwanamwali akiulizwa habari ya posa akanyamaza, huchukuliwa amekubali, ila haya tu ndiyo inayomfunga mdomo. Mzee Turki alingoja kadiri ya kungoja, akasema alhamdulillahi, na Ami Jaku akapewa jibu lake pale pale. Yote yalikwisha kabla chai haijapoa.

Sasa ilikuwa Alhamisi, saa nne za asubuhi, na Hamda yuko kazini Chukwani, amepiga magoti mbele ya geti la watu.

Karakana ni ya Mzee Mcha, mzee mwenye kelele nyingi na roho nyeupe. Miaka minne nyuma, Hamda alipokwenda kwake na cheti chake cha chuo cha amali mkononi, Mzee Mcha alikitazama cheti juu na chini, akasema kazi anayo, lakini hapa hakuna pahala pa mwanamke. Hamda akamuuliza hapana pahala gani. Mzee akakuna kichwa, akaona haya, mwisho akasema choo hakina mlango. Hamda akaomba vyuma, na kabla ya adhuhuri choo kikawa na mlango, tena wenye komeo la ndani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza Chukwani. Baada ya hapo akatundika pazia kwenye pembe moja, pakawa pa kubadilishia nguo na pa kuswalia. Akajifunza ishara za mikono kutoka kwa Usi, fundi asiyesikia tangu kuzaliwa, ambaye kabla ya hapo wenziwe walikuwa wakimtupia kokoto ndogo wakitaka awatazame. Mwaka huu walikuwa wamekuja wasichana wawili kujifunza, Maryam na Yusra. Wazazi wao waliwaruhusu kwa neno moja tu: Hamda yupo.

Hamda akiondoka, na wao wanarudi nyumbani. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi zaidi ya mengine yote.

Alisikia mlio wa Vespa mlangoni. Hakuinua kichwa, maana mlio huo angeujua hata angekuwa amelala. Ubwa alikuwa mpaka rangi wa mageti ya hapo. Yeye Hamda huunga, Ubwa hupaka. Ana tabia moja ambayo ndiyo iliyomponza Hamda mwanzo kabisa. Kabla ya kuchovya brashi, hupitisha kidole gumba juu ya mshono wa chuma, taratibu, kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayesoma. Siku ya kwanza alipomwona akifanya hivyo, Hamda aliuliza anatafuta nini. "Natafuta pa kulaumu," Ubwa alisema, "sipaoni." Basi, mtoto wa watu akawa hana tena raha yake.

Leo Ubwa hakuja na ndoo za rangi. Alikuwa na kitu cha duara ndani ya mfuko wa mchele, na uso wake ulikuwa mzito. Alimpita Hamda kwa salamu fupi, akaenda moja kwa moja kwa Maryam.

"Maryam, hebu shika. Mzigo wako huu."

Maryam akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kofia ya kuchomelea, mpya kabisa, ya aina ile ambayo kioo chake hujitia giza chenyewe mara cheche zinapowaka. Katika karakana nzima hapakuwa na kofia kama hiyo. Wote walikuwa wakitumia ngao za kushika kwa mkono, zenye vioo vilivyochakaa. Maryam akaigeuza, akatazama ndani, akakunja uso.

"Kaka Ubwa, mbona imeandikwa jina la da Hamda?"

"Ntalifuta. Rangi tu hiyo." Alisema bila kugeuka. "Mwenyewe hana haja nayo tena."

Hamda akaweka chini alichoshika. Akavua glavu moja, kisha ya pili.

"Nani hana haja nayo?"

Ubwa akauokota mfuko, akaukunja.

"Ubwa, nnakuuliza wewe. Nani kakwambia mie sina haja nayo?"

"Si umekubali kuacha kazi?" Sasa alimgeukia, na Hamda akaona kuwa macho yake mekundu, ya mtu asiyelala vizuri. "Ami Jaku kaja nyumbani Jumapili, kasema posa imepokewa, na binti anaacha kazi kwa radhi yake. Haya. Kama umechoka, umechoka. Lakini si ungenambia mimi mwanzo? Miaka miwili nnakaa na wewe hapa."

"Mimi nikwambie? Barua imetoka kwenu!"

"Barua gani?"

"Ya posa, Ubwa! Imo ndani, mstari wa mwisho. Kazi ya chuma ataiacha, haielekei kwa mke wa mtu. Kasoma baba, nimesikia kwa masikio yangu."

Ubwa alibaki mdomo wazi. Kofia ilikuwa mikononi mwa Maryam, na Maryam na Yusra walikuwa wamesimama kama waliopigwa picha, hawajui watoke au wabaki. Usi alizima mashine yake. Hakusikia neno, lakini nyuso alikuwa akizisoma vizuri kuliko wenye masikio.

"Wallahi sijaiona barua hiyo," Ubwa alisema, taratibu sasa. "Mwenye kuoa hasomi barua ya posa, unajua mwenyewe. Kaandika ami, na mama kakaa ubavuni mwake. Mimi nliambiwa nikoge, nivae kanzu, nende zangu msikitini."

"Na ukenda."

"Nkenda. Nkakuombea na dua."

Hamda alitaka kukasirika, akashindwa. Aligeuza uso kidogo ili asimwone akitabasamu.

"Mie nkadhani ni nyinyi mliotaka," Ubwa akaendelea. "Nkasema labda baba yake kachoka na maneno ya watu. Au kachoka yeye. Na kofia hii nshaiagiza Dar tangu mwezi wa Rajabu, nataka nikupe siku ya ndoa. Imefika jana. Nkaona nisikae nayo, kila nikiitazama roho inanuma."

"Siku nne, Ubwa. Siku nne umekaa na jambo hili, na simu unayo."

"Na wewe huna simu?"

Hapo wakatazamana. Hamda alinyamaza kwa haya, na Ubwa akanyamaza kwa kiburi cha kuumia, na katikati yao watu wazima wakaandika mambo yao. Jua lilikuwa limeingia kwenye nafasi ya bati, limemwangukia Ubwa begani, na Hamda aliona tone la rangi nyeupe lililokauka nyuma ya sikio lake. Alitamani kulitoa kwa ukucha. Akaificha mikono yake ndani ya ovaroli.

"Mtazame Usi," alisema. "Huyu hasemi siku nzima. Nshawahi kukuona ukidhani kakubali kila kitu?"

"Usi? Usi hakubali hata chai aliyopika mwenyewe."

"Basi mbona mie nkinyamaza mara moja tu, nimekubali?"

Ubwa alivuta kigoda akakaa, mbali naye kwa heshima, lakini si mbali sana.

"Sharti hilo la mama, namjua. Nkwambie kwa nini kalitaka? Usimchukie. Unajua marehemu baba alikuwa fundi chuma."

"Najua."

"Hujui macho yake yalimalizikia wapi. Zama zake walikuwa wakifanya kazi macho makavu, au na kipande cha kioo cheusi cha kuokota. Mama alikuwa akimkandika viazi vibichi machoni, akimtia maziwa ya ng'ombe, baba analia kama mtoto. Miaka ikenda. Mwisho akawa anamjua mama kwa sauti. Akimuuliza, Mwanakheri, leo umevaa kanga gani? Mama akimwambia. Mpaka amekufa." Akasita kidogo. "Watu wanadhani mama anaona aibu ya majirani zetu wa Michenzani. Aibu hana. Ana hofu. Nami kofia ile nimeinunua nikimfikiria baba."

Hamda alihisi machozi yanamlenga. Kwa siku nne alikuwa amemsuka Bi Mwanakheri kichwani mwake kuwa mwanamke mwenye kiburi, mpenda sifa. Akaona haya.

"Ntamwambia ami airudishe barua, tuandike nyingine," Ubwa alisema.

"Barua ya posa ikirudi, posa imevunjika. Baba hapokei ya pili, namjua. Na mama yako nae atasema kheri."

"Sasa tufanyeje?"

"Kesho wanakuja kupanga siku. Waache waje." Hamda akanyoosha mkono kwa Maryam, akapewa kofia. Alizitazama herufi zile nyeupe zilizoandikwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. "Hii lakini niachie."

"Utasema?"

"Ntasema."

"Mbele ya wazee?"

"Mbele ya wazee, Ubwa."

"Na wakikataa?" Aliuliza kwa sauti ndogo, na Hamda akajua kuwa swali hilo limemkaa Ubwa kama lilivyomkaa yeye. Wakikataa, basi. Atabaki na glavu zake, na huyu ataozwa mwengine mwenye mikono laini.

Ubwa akainuka, akajipangusa suruali.

"Wakikataa, mageti yapo," alisema. "Wewe utaunga, mie ntakuja kupaka. Kila siku ya Mungu. Mpaka wachoke wao."

Akapanda Vespa yake akaondoka. Yusra akasogea karibu. "Da Hamda," alisema, "kweli ulitaka kutuacha?" Hamda akavaa glavu zake, akamwambia ashike geti upande ule, na ashike vizuri.

Ijumaa baada ya alasiri wakaja. Bi Mwanakheri alipanda ngazi za Mkunazini pole pole, magoti yakimlalamikia, akapokewa na Bi Afra chumba cha ndani kilichokwishafukizwa udi tangu adhuhuri. Ami Jaku alikaa sebuleni na Mzee Turki. Kati ya vyumba viwili lilikuwapo pazia lile lile la Jumapili. Dirishani, chini, Hamda aliweza kumwona Ubwa amesimama mbele ya kiduka cha baba yake kilichofungwa, amejifanya ana saa ya kutengenezwa. Saa mkononi hakuwa nayo.

Kahawa ikanywewa. Haluwa ikaliwa. Ami Jaku akakohoa, akasema kwamba kheri haichelewi, wao wanaona mfungo mosi, mara baada ya Idi, unafaa.

Hapo Hamda akaingia walipokaa kina mama. Alikuwa amevaa dera la kijani na ushungi wake vizuri, na mikononi amebeba kofia ile. Bi Afra alimwona, akashika kifua.

"Shikamoo, mama," Hamda alimwambia Bi Mwanakheri, akapiga goti.

"Marahaba, mwanangu." Macho ya mama yalikuwa juu ya kofia. Rangi ya uso ilimbadilika.

"Baba," Hamda akaita upande wa pili wa pazia. "Jumapili uliniuliza kama nna neno."

"Naam. Nilikuuliza."

"Sikujibu. Nnaomba uniulize tena."

"Subhanallah," Ami Jaku alisema. "Jibu si tushapewa?"

"Mlipewa kimya," Mzee Turki alijibu, kwa upole wa mtu aliyezoea vitu vidogo vinavyovunjika. Hamda alimsikia akiweka kikombe chini. "Haya, mwanangu. Posa ya Ubwa. Una neno?"

"Nnalo, baba. Ubwa nnamtaka." Alisema hivyo hivyo, wazi, na Bi Afra akajifunika uso kwa mtandio. "Na kazi yangu siachi. Pale Chukwani kuna watoto wa watu wawili, wanajifunza kwa kuwa mie nipo. Mkinitaka, nitakeni na kazi yangu. Kama haiwezekani, leo nimesema mwenyewe, wala asilaumiwe mtu."

Akageuka, akakaa chini miguuni pa Bi Mwanakheri.

"Mama, Ubwa kanieleza habari ya marehemu. Sikuja kubishana na wewe. Nakuomba uivae hii, uone."

"Mimi?" Bi Mwanakheri akarudi nyuma. "Mie nivae chuma hicho?"

"Si chuma, nyepesi. Mwanao kainunua."

Mama alipokea kofia kwa mikono miwili. Akaigeuza, akasoma jina lililoandikwa ndani, akajua mwandiko. Kisha, bila kuvua ushungi, akaivaa, na Hamda akamwelekezea uso dirishani, kwenye jua la alasiri lililokuwa likichoma macho juu ya mabati ya Mkunazini.

"Tazama jua, mama."

Kioo kikajitia giza. Bi Mwanakheri alilitazama jua lililokuwa limezama ndani ya kijani, dogo, pole, lisilomdhuru mtu. Alilitazama kwa muda mrefu. Mabega yake yakaanza kwenda juu na chini, na wote wakajua kuwa mle ndani ya kofia mama wa watu analia.

"Bi Mwanakheri?" Ami Jaku akaita kutoka sebuleni. "Shemegi, umesikia maneno? Wasemaje?"

Hakujibu.

Ami Jaku akangoja kidogo. Kisha akacheka kwa kujipa moyo. "Haya, kanyamaza. Basi huyo karidhia. Tuendelee na tarehe."

"Hapana, ami," Hamda alisema. "Tafadhali. Mngojeni aseme."

Wakangoja. Hata Ami Jaku alingoja. Kahawa ilipoa kwenye vikombe, na chini barabarani mtu asiye na saa alikuwa ameinua uso dirishani. Bi Mwanakheri akaivua kofia taratibu, akaipangusa kioo kwa ncha ya kanga yake, akamrudishia mwenyewe.

"Hao watoto wa watu wawili," alisema, sauti imekauka, "kofia zao ziko wapi?"